SOMO LA AFYA: Mionzi ya Wiki Tano, Wiki Tatu au Wiki Moja?



Somo letu la toleo hili ni juu ya kansa ya titi, ambayo wengine huiita saratani, na hasa juu ya mionzi ambayo mama hupigwa baada ya operesheni. Tumelichagua kwa sababu swali moja limekuwa likirudi katika matawi yetu ya mashamba ya chai na ya miwa, na vilevile viwandani. Mama mmoja anaambiwa na daktari kwamba atapigwa mionzi wiki tatu. Jirani yake miaka michache nyuma alipigwa wiki tano. Je, huyu wa wiki tatu amepunjwa?

Wengine wanasema serikali inabana fedha. Wengine wanasema hiyo ni tiba ya maskini. Na wako walioanza wiki tano wakaziacha njiani, kwa kuwa mshahara ulikatwa na nauli ikaisha. Hilo la mwisho ndilo linalotusumbua kuliko yote, na ndilo lililotufanya tuandike. Wiki anazohesabu daktari ndizo hizo hizo anazohesabu karani wa mishahara, kwa hiyo jambo hili ni la hospitali na ni la chama pia.

Sisi si madaktari. Tunaeleza yale ambayo madaktari wamekwisha kuyachapisha, kwa maneno ambayo mfanyakazi anaweza kuyachukua mpaka chumba cha daktari na kuuliza vizuri.

Kwa nini mionzi baada ya operesheni

Operesheni huondoa uvimbe unaoonekana. Lakini mbegu ndogo sana za kansa zaweza kubaki katika titi, kifuani au kwapani, nazo hazionekani kwa macho wala hazishikiki kwa mkono. Aliyepalilia shamba anajua: magugu yanaondoka juu, mizizi inabaki chini, na mvua ikinyesha yanarudi. Mionzi hutumwa kuiua hiyo mizizi.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Oxford, Uingereza, walichapisha hesabu ya wanawake 10,801 kutoka majaribio 17, wote wakiwa wameondolewa uvimbe na kuachiwa titi. Katika miaka 10, wale ambao hawakupigwa mionzi walirudiwa na kansa watu 35 katika kila 100. Waliopigwa walirudiwa watu 19 katika kila 100. Basi anayeacha mionzi njiani anaacha kinga kubwa sana, hata kama anajiona mzima.

Kwa mama aliyeondolewa titi lote, mionzi si lazima kila mara. Daktari hutazama ukubwa wa uvimbe na kama kansa ilikwisha kuingia katika tezi za kwapani. Huku kwetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, kwa hiyo wengi wao huambiwa wapigwe.

Mionzi yenyewe haiumi wakati wa kupigwa. Mama hulala juu ya kitanda, mkono umeinuliwa, mashine inazunguka, na katika dakika chache amemaliza. Akirudi nyumbani hana mionzi mwilini na anaweza kumbeba mtoto wake. Tunalisema hili kwa sababu katika kambi moja ya wafanyakazi tulikuta mama ametengewa kikombe na sahani. Hakuna haja hiyo kabisa.

Wiki tano zilitoka wapi

Mionzi hujeruhi chembe za kansa, na hujeruhi pia chembe nzima za mwili zilizo karibu. Chembe nzima zina nguvu zaidi ya kujitengeneza katika saa zinazofuata. Kwa sababu hiyo madaktari wa zamani waliona heri kugawa kipimo katika vipande vidogo vidogo, kila siku kidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kipimo cha mionzi kinaitwa grei. Desturi iliyoenea ilikuwa grei 50 kwa mara 25, yaani grei 2 kila siku kwa wiki tano.

Desturi hiyo haikuwa ya upuuzi. Kwa kansa nyingine, kama za koo, vipande vidogo vina faida wazi. Lakini kansa ya titi ilionekana kuwa na tabia yake. Chembe zake huumizwa na kipande kikubwa karibu sawa na nyama nzima inayoizunguka. Ikiwa hivyo ndivyo, kukigawa kipimo kidogo kidogo hakumpi mama nafuu kubwa, kunamwongezea safari tu.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wanasikia wiki tatu ni grei 40, wiki tano ni grei 50, wanasema grei 10 zimeibwa. Hapana. Grei 40 kwa mara 15 ni karibu grei 2 na theluthi mbili kila siku. Kila pigo ni zito zaidi, na pigo zito huuma kupita uzito wake. Fikirieni mtu anayepigilia msumari: mapigo 15 ya nyundo nzito yanafanya kazi ya mapigo 25 ya nyundo nyepesi. Kama wangepiga mapigo mazito na kuacha jumla ileile ya 50, mama angeungua. Jumla imepunguzwa ili kazi iwe sawa na madhara yasizidi.

Majaribio yalionyesha nini

Watu hawakuamini hesabu ya kwenye karatasi, na walifanya vizuri kutoiamini. Walijaribu. Kule Kanada, kati ya mwaka 1993 na 1996, wanawake 1,234 waligawanywa kwa kura. Nusu walipigwa mara 25 kwa wiki tano. Nusu walipigwa mara 16 kwa siku 22. Wakafuatwa miaka 10, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kansa ilirudi katika titi lile lile kwa wanawake wasiofika 7 katika kila 100, kwa makundi yote mawili. Hakuna kundi lililolishinda jingine.

Uingereza ilijaribu kwa wanawake 2,215 kati ya 1999 na 2001, mara 25 kwa wiki tano dhidi ya mara 15 kwa wiki tatu. Baada ya miaka 10, kansa ilikuwa imerudi titini au kwenye tezi za karibu kwa watu 5 na nusu katika kila 100 wa wiki tano, na watu 4 na kidogo katika kila 100 wa wiki tatu. Tofauti hiyo ni ndogo, hatuwezi kuiita ushindi. Lakini kuna jambo jingine: titi kusinyaa, kuvimba na kuonyesha vimishipa vyekundu kulikuwa kuchache zaidi kwa wale wa wiki tatu. Basi waliodhaniwa kupunjwa walitoka na ngozi nzuri zaidi.

Mtu atasema, hao ni Wazungu walioachiwa titi, na sisi wengi wetu titi limeondolewa lote na kansa imekwisha kufika kwapani. Swali hilo ni zuri. Lilijibiwa China, kwa wanawake 820 walioondolewa titi lote na waliokuwa katika hatari kubwa ya kansa kurudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Baada ya miaka 5 kansa ilirudi kifuani au kwenye tezi kwa watu 8 katika kila 100, kwa wiki tatu na kwa wiki tano sawasawa. Na ngozi kuchubuka vibaya kuliwapata watu 3 katika 100 wa wiki tatu, lakini watu 8 katika 100 wa wiki tano.

Mwaka 2018 chama cha madaktari wa mionzi wa Marekani kiliandika kwamba kwa mama aliyeachiwa titi, na asiyehitaji kupigwa kwenye tezi, mpango mfupi ndio wa kutangulizwa, awe kijana au mzee, awe amepata dawa kali za dripu au hakupata. Basi wiki tatu haikubuniwa kwa ajili ya nchi zetu. Imetumika London na Toronto pia.

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na methali hiyo tumeielekezewa mara nyingi katika mikutano ya matawi. Kwa jambo hili haifai. Hakuna aliyeharakisha. Wamechukua zaidi ya miaka ishirini kulipima.

Na wiki moja?

Uingereza waliendelea. Kati ya 2011 na 2014 wanawake zaidi ya 4,000 katika hospitali 97 waligawanywa kwa kura: mara 15 kwa wiki tatu, au mara 5 kwa wiki moja tu. Matokeo ya miaka 5 yalitoka mwaka 2020. Kansa ilirudi titini kwa watu 2 katika kila 100 wa wiki tatu, na kwa wiki moja ya grei 26 ilirudi kwa mtu mmoja na nusu hivi katika kila 100. Kulikuwa na kundi jingine la wiki moja lililopewa grei 27, na hilo lilipata madhara zaidi ya titi kukakamaa na kubadilika. Tazameni hapo: grei moja tu! Mapigo yakiwa mazito namna hiyo, nafasi ya kukosea inakuwa nyembamba sana. Mpango wa wiki moja unahitaji picha nzuri za kupimia, mashine inayopimwa mara kwa mara, na watu waliofunzwa.

Tena wengi wa wanawake hao waliachiwa titi, na katika jaribio hilo kuu hawakuwa wakipigwa mionzi kwenye tezi za kwapani. Kwa hiyo mwanachama aliyeambiwa kwamba kansa imeingia kwapani asilazimishe wiki moja kwa kuwa ameisikia hapa. Kwa maoni yetu, wiki tatu ndiyo njia iliyopitiwa na wengi na kwa muda mrefu, na wiki moja ni njia nzuri kwa yule ambaye daktari wake anasema hali yake inafanana na ya hao waliojaribiwa.

Ziko sababu za kweli za kurefusha. Daktari anaweza kuongeza siku chache za kupiga mahali pale tu uvimbe ulipokuwa, hasa kwa mama mwenye umri mdogo. Kuna pia kansa ya aina inayolifanya titi zima kuwa jekundu na kuvimba, na kwa hiyo madaktari wengi hubaki na wiki tano. Mkiambiwa wiki tano, msikasirike. Ulizeni tu: Ni kwa sababu gani katika hali yangu? Je, wiki tatu haziwezekani? Daktari mzuri hachoki na swali hilo.

Foleni ya mashine

Uganda inakumbuka mwaka 2016. Mashine ya kobalti ya Mulago, iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 1995, iliharibika isitengenezeke, nayo ilikuwa ya pekee nchini. Nyingine ilizinduliwa mapema mwaka 2018. Katika muda huo aliyeweza alivuka mpaka kwenda Nairobi, na asiyeweza alikaa nyumbani. Tangu wakati huo mashine zimeongezeka, lakini watu nao ni wengi.

Fanyeni hesabu hii kwa kalamu. Mashine ikiwa na nafasi 75 za kupiga, kwa mpango wa mara 25 inawamaliza wanawake 3. Kwa mara 15 inawamaliza 5. Kwa mara 5 inawamaliza 15. Mashine ni ileile na fundi ni yuleyule. Mama anayekubali wiki tatu bila kudhurika anamwachia nafasi mama mwingine aliyeketi kwenye benchi. Mtu wa chama hahitaji kufafanuliwa zaidi maana ya jambo hilo.

Sasa hesabu ya mshahara

Kutoka Jumatatu ya kwanza mpaka Ijumaa ya mwisho, mara 25 ni siku 33 za kalenda. Mara 15 ni siku 19. Mara 5 ni siku 5. Ongezeni siku za kupigwa picha na kuchorwa alama kabla ya kuanza, na siku ambazo umeme au mashine inagoma.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini, akiugua, analipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo. Mwezi wa pili ukiisha na ugonjwa bado upo, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Tazameni sasa: siku 33 zinapita mwezi wa malipo. Siku 19 zinaingia ndani yake. Kwa mama anayechuma chai na kulipwa kwa kilo, tofauti hiyo ndiyo karo ya mtoto. Na tusijidanganye, mara nyingi operesheni na dawa za dripu zimekwisha kuula mwezi huo kabla mionzi haijaanza.

Kwa majirani hesabu ni nyingine. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kiwango cha chini ni siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo. Hapo hata wiki tatu hazitoshei, na bila mkataba wa pamoja ulio bora mama anabaki mikono mitupu. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 nyingine kwa nusu. Wenzetu wa Tanzania wamesimama mahali pazuri zaidi, na tumeitaja sheria yao kila tulipoketi na waajiri.

Katika kikao kimoja meneja alituuliza: Ikiwa mionzi ni dakika chache, kwa nini mchana asirudi kazini? Tulimwomba atazame ramani. Shamba lake liko mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Kampala. Mama analala kwa ndugu, au analala mahali asipopataja, wiki zote hizo. Lakini kwa mfanyakazi wa kiwanda aliye Kampala au jirani swali hilo si baya. Wako wanaoomba nafasi ya asubuhi na kufanya kazi nusu siku, na siku hizo huhesabiwa nusu katika likizo. Ni jambo la kupatana, lisiwe la kulazimishwa, kwa sababu uchovu wa mionzi huongezeka kadiri siku zinavyokwenda.

Ngozi nayo huwa nyekundu au nyeusi na kuwasha, na mara nyingi huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kumaliza. Mama anayerudi shambani Jumatatu inayofuata, na mkanda wa kikapu ukapita juu ya ngozi hiyo, atachubuka. Jasho na dawa za kunyunyizia miwa pia hazifai. Walioondolewa tezi za kwapani wana hatari ya mkono kuvimba, wakati mwingine baada ya miaka. Tunadai kazi nyepesi: kupima, kuchambua majani, kitalu cha miche, lisiwepo panga wala kikapu upande ule. Na kidonda chochote cha mkono huo, hata cha mwiba, kitibiwe siku hiyohiyo.

Ikitokea siku zimekatika katikati, kwa msiba au kwa kukosa nauli, mama asijifiche kwa aibu. Aiambie hospitali upesi, maana wanaweza kupanga upya ili kipimo kitimie. Wiki tano zilizoishia wiki ya tatu hazilingani na wiki tatu zilizotimia. Kila pigo lake lilikuwa dogo, na amepata grei 30 tu za nyundo nyepesi. Kati ya hali zote tulizozieleza, hiyo ndiyo tungependa kuizuia kuliko nyingine.

Kwa hiyo, mwanachama akipangiwa mionzi, afike ofisi ya tawi kabla ya kusafiri. Aje na barua ya hospitali yenye idadi ya mara atakazopigwa na tarehe ya kuanza. Barua isemayo matibabu tu haisaidii, karani ataikataa. Katibu wa tawi atahesabu siku za likizo alizokwisha kutumia, ataandika kwa meneja akitaja tarehe ya kurudi, na ataomba kazi nyepesi kwa maandishi kabla, isingojwe mpaka mama arudi na kukuta amepewa shamba la mlimani. Nakala moja ibaki tawini. Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja tumeweka dai kwamba siku za mionzi zihesabiwe peke yake, zisiunganishwe na siku za operesheni, na kwamba nauli ya kwenda na kurudi mara moja ilipwe na mwajiri. Nauli wamekubali kuizungumza. La siku bado wanapinga, na matawi yataletewa habari katika toleo linalokuja.